Nguo za Meza ya Bwana

Alhamisi, 20 Machi

Leo Mwalimu Conrad Isabirye amelia mbele ya watu. Ametoa leso, akafuta miwani, akasema kwa sauti ya kukatika kwamba yule mwanamke wa kivuko ni Kristo mwenyewe aliyevaa gauni. Sisi wengine wa Kundi la Alhamisi tukatikisa vichwa kukubali. Mimi nami nilitikisa, na sasa nimekaa hapa najichukia kwa kutikisa.

Nieleze, maana ndiyo kwanza naanza kuandika. Kundi la Alhamisi ni watu wa kanisa letu hapa Mafubira tunaosoma vitabu vya zamani na kutafuta humo sura ya Injili. Mwalimu Conrad ndiye kiongozi. Alinifundisha fasihi nikiwa sekondari, na kama leo mimi mwenyewe nafundisha fasihi na Kiswahili, ni yeye aliyenitia moto. Kitabu cha msimu huu ni riwaya ya kale kutoka Ulaya. Ndani yake kuna mwanamke anayevusha watu mto kila Jumapili waende kanisani, naye haingii, kwa kuwa mji mzima umemhesabu mchafu. Anabaki na mtumbwi wake mvuani mpaka ibada iishe, kisha anawarudisha makwao.

Tunakutana nyumbani kwa baba yangu, Sajenti mstaafu Gaster Wamimbi wa Magereza, kwa sababu sebule yake ni kubwa na kwa sababu ya chai ya Mama Nakisige. Mama Nakisige ndiye aliyenilea tangu mama yangu mzazi alipoondoka, nikiwa bado mdogo wa kushika gauni la mtu. Ameishi na Baba miaka yote hiyo bila ndoa ya kanisani, kwa hiyo haruhusiwi kukaribia Meza ya Bwana. Lakini nguo za hiyo Meza, vile vitambaa vyeupe na kanzu za mchungaji, ni yeye anayezifua na kuzipiga pasi kila wiki kwa pasi yake ya makaa. Mikono yake ni safi ya kutosha kwa kitambaa, si safi ya kutosha kwa mkate.

Basi Mwalimu Conrad analia juu ya mwanamke wa kivuko, na Mama Nakisige anaingia na birika, anapita mbele yake, anammiminia. Mwalimu hakuinua macho. Alisogeza kikombe tu. Mama alikuwa ameshika ubavu kwa mkono wa kushoto, tumbo linamsumbua tena.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kutwa. Nimesahihisha insha za kidato cha tatu na kumfukuza mbuzi darasani.

Jumatano, 26 Machi

Tumetoka hospitali. Daktari kijana, mpole, alimwita Baba pembeni, akamwambia uvimbe umeshaenea na hakuna cha kukata. Baba alirudi amesimama wima kama gwarideni, akatuambia, "Daktari anasema twende nyumbani." Akachukua mfuko wa Mama, akatangulia.

Njiani Mama aliuliza kama nguo za Jumapili zimeshaletwa. Nikamwambia waache wazivae na mikunjo yake. Akacheka, akasema mimi nina hasira za askari ingawa sikuvaa viatu vyao.

Jumapili, 30 Machi

Amepiga pasi akiwa amekaa. Nilimkuta hivyo jana, makaa yakimfukizia usoni, na jasho ambalo si la makaa. Leo nimeketi kanisani nikiitazama ile nguo nyeupe ya Meza, imenyooka haina kosa hata moja, nikashindwa kwenda mbele kula. Nilikaa nyuma pamoja na Mama, benchi la wasioruhusiwa kula. Akanifinya mguu, akaninong'oneza niende. Sikwenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeuliza. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, lakini nimeuliza.

Tulikuwa tumefika pale ambapo yule mwanamke anaugua, na watu wa mji wanajiuliza nani atawavusha. Mwalimu Conrad akasema, kwa ile sauti yake nzuri, kwamba mwandishi anatufundisha kumtambua Bwana katika wale tuliozoea kuwapita. Nikasema, vizuri, na wale wanaokaa benchi la nyuma hapa kwetu? Mchungaji Semei, ambaye huja kwenye kundi mara chache na husema kidogo, akajifanya anamenya karanga. Mama alikuwa jikoni, anasikia kila kitu.

"Ketty," Mwalimu akaniambia, "fasihi ni fasihi. Kanisa lina utaratibu wake."

Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sababu hasira yangu huja kwa Kiswahili, lugha niliyokulia nayo katika nyumba za askari magereza, Baba ni Mgisu, Mama ni Msoga, jirani Mwacholi, kila mtu na kabila lake, wote tukielewana kwa hiyo moja. Nikamwambia kama Kristo yuko kitabuni na hayuko jikoni, basi tumesoma hadithi tu. Akatabasamu, akawaambia wengine kwa Kiingereza kwamba hiyo ni lugha ya kuamrisha wafungwa, si ya kujadili mambo ya Mungu. Wakacheka kidogo. Yaani mwalimu niliyemheshimu kuliko wote, ndiye aliyewachekesha watu juu yangu katika nyumba ya baba yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo Mama ameniambia anachotaka. Nilikuwa namkanda miguu, imevimba. Alianza mbali, Budondo, alikozaliwa, alivyopata kipaimara akiwa msichana, gauni jeupe la kuazima, na askofu mwenye mikono mizito. Alikula Meza ya Bwana mpaka siku aliyohamia kwa Baba. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alimzuia kwa mkono, taratibu, kama unavyomzuia mtu asikanyage sakafu iliyopigwa deki. Tangu hapo hajajaribu tena.

"Nataka kula mara moja kabla sijaenda," akasema. "Si kwa kuiba. Nipewe."

Hataki kingine. Hakuomba dawa, hakuomba nimlilie. Nikatoka nje nikasimama mvuani kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda kwa Mchungaji Semei. Si mtu mbaya. Ni mwoga wa wazee wa kanisa, na woga wake una adabu nyingi. Alinikaribisha, akanipa soda, akasikitika. Akasema njia ipo. Baba na Mama wafunge ndoa, hata kitandani, ndipo atampa Ushirika Mtakatifu siku hiyo hiyo. Nikafurahi kabla ya wakati, maana akaendelea: hii ni Kwaresima, ndoa hazifungwi. Baada ya Pasaka lazima matangazo yasomwe Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kizuizi aseme.

Nikamuuliza kama kifo nacho kitangoja Jumapili tatu. Akatazama dirishani. Akasema utaratibu haukutungwa naye.

Nimechoka na hili neno utaratibu. Kila mlango niliobisha mwezi huu, neno hilo ndilo limenifungulia likanifungia.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba vizuri mno. Mama hakuweza kuja, lakini nguo alizipiga jana, nyingine akiwa amelala ubavu, mimi nikimshikia kitambaa kisiburuzike. Baba alizibeba mwenyewe mpaka kanisani juu ya mikono yake miwili.

Jumapili, 27 Aprili

Tangazo la kwanza. Gaster Wamimbi na Nakisige binti wa marehemu Isiko wa Budondo. Wanawake walipiga vigelegele, na mmoja nyuma yangu akacheka kwamba bwana harusi amechelewa kidogo. Baba alikuwa amepiga viatu vyake rangi mpaka vinang'aa. Aliinama, akatabasamu peke yake, macho sakafuni.

Nilikimbia nyumbani kumsimulia Mama. Akamwita Baba "Afande", kama anavyomwita akitaka kumtania, akamuuliza kama yuko tayari kuoa mifupa. Baba akajibu kwamba amri ni amri. Walicheka hao wawili, na nikaenda kupika.

Jumanne, 29 Aprili

Hajala. Amekunywa uji kidogo.

Ijumaa, 2 Mei

Mafuriko barabara ya chini. Shule imefungwa mapema. Mama anauliza leo ni siku gani, kila saa anauliza.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika yote.

Mchungaji Semei akasoma tangazo la pili. Akauliza kama ilivyo desturi, iwapo yupo anayejua kizuizi. Alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine, maana nani husema? Sijawahi kusikia mtu akisema tangu nizaliwe. Ndipo Mwalimu Conrad Isabirye akasimama katika benchi la pili. Alifunga kifungo cha koti kwanza.

"Mchungaji, Sajenti Wamimbi ana mke wa ndoa. Yuko Mbale, mzima. Nimemwona kwa macho yangu."

Kanisa zima likageuka kumtazama Baba. Baba hakukana. Ni kweli alifunga ndoa ya pete na mama yangu mzazi, kanisani, Mbale, akiwa askari kijana. Ni kweli mama yangu aliondoka. Sisi tulisikia alivuka mpaka kwenda Kenya, kisha hatukusikia kitu, na miaka ilivyopita tukamhesabu hayupo. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemtafuta. Mchungaji akafunga kitabu, akasema matangazo yamesimama.

Nilimkuta Mwalimu nje chini ya paa, anangoja mvua ipungue. Nikamuuliza amemwona lini. Akaniambia miaka mingi iliyopita, alipokwenda Mbale kusahihisha mitihani ya taifa. Alimtambua, maana alimfahamu tangu akiwa mke wa Baba, wakasalimiana. Anauza vitenge karibu na maghala.

Miaka mingi! Nimekaa darasani kwake, nimekaa naye sebuleni kwetu Alhamisi baada ya Alhamisi, amekunywa chai yetu, na muda wote anajua mama yangu yuko wapi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakutaka kuniumiza.

"Na leo?" nikamuuliza.

"Leo niliulizwa mbele za Mungu, Ketty. Nikajibu."

Kinachonichoma ni kwamba hakusema uongo. Ningeweza kumdharau mwongo nikalala. Huyu alikuwa na ukweli mkononi, akauhifadhi usinifae kitu, akautoa siku ambayo ungemuumiza mgonjwa. Halafu akafungua mwavuli wake na kuniuliza kama Alhamisi tutakutana kama kawaida.

Baba ndiye aliyemwambia Mama. Mimi nilikaa mlangoni. Mama alisikiliza, akageukia ukutani, akasema tu, "Basi aliye nyuma abaki nyuma." Baba aliukamata mguu wake juu ya blanketi na hakuuachia mpaka mchana ukaisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda Mbale na kurudi. Tangu Iganga mpaka Tirinyi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia yule mwanamke, makali yote niliyoyaweka tangu utotoni. Nilipofika mtaa wa maghala, Industrial, nikauliza wauza vitenge kuhusu mwanamke aliyewahi kuwa mke wa askari magereza, wakanielekeza kwa Hajati Rehemah.

Alikuwa amevaa hijabu ya samawati, mnene kidogo, anakunja kitambaa. Akanitazama mara moja. "Wewe ni Ketty," akasema. "Una paji la Gaster." Akanisogezea kigoda. Maneno yangu yote makali yakanipotea, nikabaki na hasira bila maneno, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nikamuuliza swali moja tu, kwa nini. Akaendelea kukunja. Akasema Baba hakumpiga wala hakumtukana. Alikuwa akienda zamu anafunga mlango kwa nje, anaondoka na ufunguo. Wala si kwa wivu, akasema, ni kwa mazoea. Kijana alifundishwa kazi ya kufunga milango, akaileta nyumbani. Alimwomba, akambembeleza, na Baba kila mara aliahidi, na kila asubuhi kufuli likalia. Siku moja Baba alisahau, naye akatoka kwenda sokoni, akaendelea kutembea. Nilikuwa nimelala. Aliniambia tangu siku hiyo usingizi wake mwenyewe haujawahi kumsamehe kwa hilo. Baadaye aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu, na sasa ni bibi wa watu.

Nilitaka kumchukia na nimeshindwa kumaliza. Nakumbuka lile kufuli. Nilijua habari yake upande mwingine, maana Mama Nakisige huisimulia kama kichekesho: juma lake la kwanza kwa Baba, alilichukua kufuli lile akalitumbukiza chooni, akamwambia Afande, leta lingine nalo nitalitumbukiza. Baba hakuleta. Tumecheka kisa hicho miaka yote na mimi sikujua nacheka nini.

Nikamwambia Rehemah kuhusu ugonjwa, matangazo, na mwalimu aliyesimama. Akaacha kukunja.

"Huyo ndiye aliyekulea?"

"Ndiye."

Aliniuliza nyumba ya Baba iko sehemu gani ya Mafubira, akanifungia chapati za njiani.

Alhamisi, 8 Mei

Wamekuja. Ndiyo, wamekuja na vitabu vyao, mgonjwa akiwa chumba cha pili. Chai nimepika mimi, kwa makusudi bila sukari. Mwalimu Conrad akafundisha juu ya subira. Sikukaa.

Jumapili, 11 Mei

Ingekuwa Jumapili ya tatu. Hakuna kilichosomwa. Nguo ya Meza ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita, na doa la divai pembeni. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumanne, 13 Mei

Rehemah amekuja. Nimerudi shule nikakuta viatu vyake mlangoni na Baba amekaa nje kwenye benchi, mvua inamnyeshea magoti. Nikamuuliza anafanya nini pale. Akasema ameambiwa angoje.

Ndani, Rehemah alikuwa amekunja mikono ya gauni, anamwosha Mama Nakisige. Beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya kufulia. Alikuwa amefika miguuni, anaosha katikati ya vidole, polepole. Mama alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka pembeni yakiingia masikioni. Nilibaki kizingitini nikijua ninachokitazama. Nimekisikia kikihubiriwa kila mwaka kabla ya Pasaka, na hapa kinafanywa na mwanamke aliyesilimu zamani, wala hakifikirii.

Nyuma yangu kulikuwa na mtu. Mchungaji Semei alikuwa amekuja kumwombea mgonjwa, mwavuli bado mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Rehemah akamwona, wala hakuacha kuosha.

"Mchungaji, mimi ndiye kizuizi," akamwambia. "Niulize."

Rehemah akamwambia yeye alimwacha Gaster na ana mume wake, na mwanamke huyu alimchukua mtoto wake akamfanya mtu. Kama kuna deni mahali, akasema, ni lake, wala halimhusu mgonjwa. Kisha akaomba taulo. Mchungaji ndiye aliyekuwa karibu nalo, akampa, akaondoka bila kuomba sala aliyokuja kuomba.

Nilimwona mwoga. Bado namwona mwoga. Lakini alikuwa amepauka midomo.

Alhamisi, 15 Mei

Leo.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimewaambia watu wa kundi wasije, wengine wakaja, kwa sababu mazoea ni mazoea. Walikuwa barazani wanakung'uta miavuli, Mwalimu Conrad akiwa wa kwanza. Mchungaji Semei alikuwa amewatangulia kwa mlango wa jikoni, bila kanzu, na mkoba mdogo mweusi kwapani. Nikaujua ule mkoba, ndio anaobebea Ushirika kwa wagonjwa.

Chumbani alikuwamo Baba, na Rehemah ameketi kitandani amemwinua Mama kichwa kikae kifuani pake. Mchungaji akaweka kikombe kidogo na kisahani juu ya stuli. Akanong'ona kwamba amefikiri sana, kwamba atafanya, lakini ibaki kati yetu. Akaniomba nifunge mlango wa sebuleni. Akaenda mwenyewe kushusha pazia.

Nikasogea kufunga. Mungu anisamehe, nilikuwa nafunga. Nilifikiri tu kwamba atapata, atapata hatimaye, hata kwa siri.

"Acha mlango," Mama akasema.

Sauti ilikuwa ndogo lakini sote tulisikia. Mchungaji akarudi kitandani, akamweleza kwa upole kwamba wako watu nje, na wazee wa kanisa watasikia, na itakuwa shida. Mama akatazama kile kikombe. Alikitazama kwa muda. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile.

"Nilisema nipewe," akamwambia. "Mlango ukifungwa, hiyo rudi nayo."

Mchungaji akasimama na mkate mkononi. Alikuwa anakufa, jamani, alikuwa anakufa na njaa ya hicho kitu, na anakikataa kwa sababu ya pazia!

Baba ndiye aliyeondoka mahali pake. Alinipita, akanitoa mkono kwenye kitasa bila ukali, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Akaweka kiti mbele yake usirudi. Watu barazani wakageuka, tukawaona na wakatuona. Kisha akasema Kiswahili chake cha Magereza, kile kile Mwalimu anachokicheka, tena kwa sauti ya zamu:

"Hapa hapana gereza. Mchungaji, fanya kazi."

Rehemah aliinua macho akamtazama Baba. Najua alichokuwa anakisikia.

Na Mchungaji Semei akafanya. Alifungua pazia mwenyewe, akasema maneno yote bila kukata hata moja, kwa sauti ya kufika barazani. Alimpa mkate, Mama akaula polepole. Alimpa kikombe, Rehemah akimshikia kidevu, na tone likaanguka kwenye shuka. Mama akaliona.

"Chumvi na maji baridi," akaniambia. "Upesi, likikauka halitoki."

Nikatoka nikicheka na kulia. Nilimpita Mwalimu Conrad kizingitini. Alikuwa na kitabu kifuani, kidole bado ndani ya ukurasa, uso hauna rangi. Sikumkaribisha ndani na sikumfukuza.

Jumapili, 18 Mei

Wazee wa kanisa wamemwita Mchungaji kikao. Mama analala sana.

Jumanne, 20 Mei

Ameondoka asubuhi, mvua ikinyesha.

Ijumaa, 23 Mei

Tumemzika Budondo, kwao, karibu na baba yake. Wasiofunga ndoa kanisani hapa kwetu huzikwa bila mchungaji mwenye kanzu. Hilo nalo ni utaratibu. Mchungaji Semei alikuja na kanzu. Ilikuwa na mikunjo mgongoni na mikononi, maana aliyekuwa akiipiga pasi alikuwa ndani ya jeneza. Mzee mmoja wa kanisa aliondoka kabla ya udongo. Nenda salama, nilisema moyoni, na wala si kwa wema.

Rehemah alisimama na wanawake wa Budondo akabeba maji nao. Baba alitupa udongo wa kwanza kisha akapiga saluti, akaishikilia mpaka wengine walipomaliza kufukia.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna kundi leo, nilikuwa nimewaambia wote. Mwalimu Conrad akabisha hodi peke yake. Nilidhani amekuja kutoa pole kwa hotuba, na nilikuwa na jibu tayari. Lakini hakuwa na kitabu. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani nguo za Meza, chafu, za majuma mengi. Akasema kanisani wamekosa mtu, hawajui wazipeleke wapi, wakamtuma.

Nikamuuliza kama ndicho kilichomleta. Akajaribu kusema kuhusu mwanamke wa kivuko, kwamba sasa ameelewa ule ukurasa wa mwisho. Nikamkata. Nilimwambia sitaki tena kusikia habari ya huyo mwanamke katika nyumba hii. Alipata mtu wa kumlilia. Wa kwetu alipata wa kumsimamishia matangazo.

"Ni kweli," akasema. Kwa Kiswahili.

Sikumwambia amesamehewa, kwa sababu hajasamehewa. Nilikwenda jikoni nikaleta pasi ya makaa ya Mama, nzito, na majivu yake bado ndani, nikampa pamoja na kopo la chumvi. Nikamwambia maji yawe baridi. Alisimama mvuani, mwalimu mzima, koti na tai, pasi mkono mmoja na mfuko wa nguo chafu mkono mwingine, hakuweza kufungua mwavuli. Akaondoka hivyo hivyo barabarani watu wakimtazama.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepungua. Nguo ya Meza ilikuwa imepigwa pasi vibaya mno, mkunjo katikati, na alama ya kuungua ukingoni, ya kahawia, wazi kwa kila mtu. Mwalimu Conrad alikuwa amekaa benchi la nyuma, pale alipokuwa akikaa Mama, na bandeji kwenye kidole gumba. Walipoitwa kwenda mbele hakuinuka.

Mimi nilikwenda. Nilipopiga magoti macho yangu yalikuwa sawasawa na ile alama ya kuungua, na nikaitazama mpaka mkate uliponifikia.